Mstari Mmoja Kushoto, Miwili Kulia

Alhamisi ile mke wangu alitoka langoni saa moja na robo asubuhi, na kabla ya saa moja na nusu hakuwa tena mtu wa dunia hii. Naandika saa kwa sababu watu wameanza kuzikosea. Jirani anasema ilikuwa saa mbili. Mimi nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, na redioni taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa haijafika kwenye michezo.

Alikuwa anakwenda kumchukua mama yake ampeleke hospitali ya macho, mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Gari letu ni la umeme. Siku zote tulilichaji hadi asilimia themanini tu, kwa sababu alisoma mahali kwamba betri hudumu zaidi hivyo. Jioni ya kuamkia Alhamisi alilichomeka mwenyewe akasema, "Leo acha lijae. Sitaki Mama aniulize njia nzima kama tutafika."

Asubuhi lilikuwa limejaa pomoni. Aliniaga kupitia dirishani: "Nikirudi nikute umepika. Usipopika, ujue nimehama."

"Ukihama uniachie redio," nikamwambia.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Uniachie redio.

Nyumba yetu iko juu, mwisho wa barabara. Ukitoka langoni tu, mteremko unaanza, kama mita mia tatu, unaishia kwenye njia panda. Pale chini wanafunzi walikuwa wanavuka. Mwenye kibanda cha vocha alisema alisikia honi ndefu, akaona gari linakuja bila kupunguza mwendo, kisha dereva akakata usukani. Gari likaingia mtaroni, na mlango wa dereva ukakutana na ukingo wa kalvati, lile daraja dogo la zege. Hakuna mtoto aliyeguswa.

Afisa wa polisi aliyelikagua alikaa kitini, akakanyaga pedeli ya breki mara tatu nne mfululizo, akaandika kwamba breki zinafanya kazi. Chanzo cha ajali: mwendo kasi. Mke wangu na mwendo kasi! Mwanamke aliyeendesha kama amepakata trei ya mayai. Niliisoma karatasi ile nikajua kuna kitu kimefichwa ndani yake, na mtu wa kumshuku nilikuwa naye tayari.

Alikuwa kaka yake, shemeji yangu. Watu humwita Nyundo tangu utotoni. Ana gereji yake nyuma ya soko, na kwa miaka kumi na minane tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Mimi kwake nilikuwa Bwana Sindano. Akifika kwangu alipita kwanza kwenye cherehani, anaigonga kwa kucha na kuuliza, "Hii nayo ina gia ngapi?"

Jumapili kabla ya msiba, Nyundo alituletea kalipa mbili za magurudumu ya mbele ndani ya gunia la sukari. Kalipa ni kile chuma kinachoibana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Za kwetu zilikuwa zimekwama kwa kutu, na hizi alizitoa kwenye gari jingine lililokufa. Akaliacha gunia na sanduku lake jekundu la vifaa, akasema anakwenda kumtazama mteja mara moja, atarudi. Mke wangu akaanza kufungua tairi. Alikuwa fundi wa redio, pasi na friji, na mikono yake haikuogopa boliti yoyote. Nilikaa naye hadi mchana, nikishika tochi, nikipangusa vyuma, nikimwekea alama za chaki, shughuli za mtu asiye na kazi. Kisha nikaondoka kupeleka majoho ya kwaya. Niliporudi jioni gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake minne, yeye ananawa mikono kwa sabuni ya unga, na sanduku jekundu liko mlangoni.

"Imekwisha?" nikamuuliza.

"Imekwisha."

Sikuuliza nani aliyefunga. Fundi wa magari katika familia ni mmoja.

Jumanne aliniambia pedeli imelegea. "Nikikanyaga inazama, kama mguu kwenye tope."

"Mwambie kaka yako."

"Nimeshamwambia."

Ikaishia hapo. Alhamisi ikafika.

Baada ya msiba nilianza kumchunguza Nyundo. Mwenye kibanda cha vocha aliniambia kwamba gari lilipotolewa mtaroni, shemeji yangu alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele akiwa na kitambaa mkononi, anafuta kitu, hadi askari akamfukuza. Afute nini? Siku ya tatu ya matanga, watu bado wamekaa kwenye mikeka, akanivuta pembeni.

"Shemeji, nipe ule ufunguo. Nilivute gari kwangu."

"La nini?"

"Lisikae hapa. Unalitazama kila ukitoka."

"Macho ni yangu."

Wiki iliyofuata akaja na hoja nyingine: tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Halafu akataka walau azitoe tairi za mbele, eti asije mtu akaziiba. Gari zima liko uani kwangu, na yeye ana uchungu na tairi mbili za mbele! Cherehani alikuwa haigusi tena. Aliingia, akasalimia huku ametazama sakafu, akasema la gari, akaondoka. Nikauchukua ufunguo nikauzika ndani ya kopo la vifungo, nikaliweka kopo juu ya kabati.

Siku ya kuanua tanga nilisema mbele ya wote. Nilisimama, mimi ambaye hata kwenye harusi huwa naomba wengine waniongelee. Nikasema breki zilifunguliwa Jumapili, vyuma vililetwa na Nyundo, sanduku lilikuwa la Nyundo, na kwamba tangu siku ile anazunguka gari kama mtu aliyesahau kitu ndani yake. Nilingoja ajitetee. Alitazama mikono yake tu.

Mama mkwe haoni vizuri, lakini aligeuza uso palepale alipokaa mwanawe. "Wewe. Dada yako alikuomba umtengenezee breki?"

"Aliniomba, Mama."

"Ukatengeneza?"

Akatazama mlangoni.

"Basi kwangu usikanyage," Mama akasema. "Mpaka hilo gari lenyewe liseme."

Nyundo akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Nami, naandika kama ilivyokuwa, nililala vizuri siku hiyo kuliko siku zote tangu msiba.

Ilibaki gari liseme. Nina mteja mmoja anayeitwa Daktari, mama wa makamo anayetengeneza magari ya umeme. Jina hilo amepewa kwa sababu gereji yake ni safi kuliko zahanati, na kwa sababu hakubali kukuambia ugonjwa kabla ya kupima. Ovaroli zake nashona mimi. Asubuhi moja nilikodi bredauni, gari la kuvuta magari mabovu, nikatoa ufunguo kwenye vifungo, nikalipeleka gari kwake bila kumwambia mtu.

Nikamweleza polisi alivyolikagua, naye akalizunguka mara mbili. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani, nimeufunga kwa kamba. Akavaa glavu nene, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme mkubwa, akaacha betri ndogo tu ifanye kazi.

"Pole sana na msiba, fundi," akasema. "Sasa niambie unataka nini. Unataka lipone, au unataka kujua?"

"Kujua."

"Kujua nini?"

"Alichofanya aliyefunga."

Akanitazama juu ya miwani. "Hilo mimi sipimi. Mimi napima breki. Ingia upande wa abiria, pita hadi kwenye kiti cha dereva."

Sikuwa nimekaa kwenye kiti hicho tangu siku ile. Kilikuwa bado kimesogezwa mbele kwa ajili ya miguu yake mifupi, magoti yangu yakagusa usukani.

"Kanyaga breki. Mara moja."

Nikakanyaga. Pedeli ikaenda, ikaenda, karibu iguse sakafu, bila kukutana na kitu. Mke wangu alisema tope. Mimi niliona kama kukanyaga ngazi ambayo haipo.

"Achia. Sasa kanyaga harakaharaka, mara tatu."

Mara ya tatu ikawa ngumu.

"Umeona?" Daktari akasema. "Na polisi wako alifanya hivyohivyo. Alikanyaga mara tatu nne, akakuta ngumu, akaandika nzima. Ila mtu akiwa mteremkoni na watoto wako mbele, hana muda wa kukanyaga mara tatu. Sasa shikilia hapohapo, usiachie. Inashuka?"

Nilishikilia hadi mguu ukaanza kutetemeka. "Haishuki."

"Basi bomba kuu la breki ni zima. Lingekuwa bovu, ingezama taratibu chini ya mguu wako." Akafungua boneti, akamulika chupa ya mafuta ya breki. "Yamejaa. Na ni masafi." Akalala chini na tochi, akapitisha kidole kwenye mipira na maungio yote manne. "Pakavu. Hakuna kinachovuja." Akaunganisha kompyuta yake. Mistari ikapita, yote ya kijani. "Gari linasema haliumwi. Halijui. Kilichobaki ni upepo."

"Upepo?"

"Hewa ndani ya mafuta. Mafuta hayabonyei, ukiyasukuma huku yanasukuma kule. Hewa inabonyea. Ulikuwa unakanyaga hewa, diski haikupata kitu. Baada ya kufunga kalipa lazima utoe upepo wote. Nani alitoa?"

"Kaka yake."

"Ni fundi?"

"Anaitwa fundi."

Hakucheka. Akapandisha jeki, akatoa tairi la mbele upande wa kushoto. Akatazama. Akaenda upande wa pili, akatoa na lile, akatazama tena, akarudi upande wa kwanza. Nikashuka mwenyewe.

"Njoo uone, fundi. Unaona hiki kinati kidogo chenye tundu? Hapa ndipo upepo hutokea. Hewa hukaa wapi ndani ya chupa?"

"Juu."

"Na kinati kiko wapi?"

Kilikuwa chini kabisa, kinatazama sakafu.

"Kalipa ya kushoto imefungwa kulia, ya kulia imefungwa kushoto," akasema. "Zinaingia. Boliti zinakubali, mpira wa mafuta unafika, gari linatembea. Ila vinati vinakuwa kichwa chini. Unatoa upepo, yanatoka mafuta matupu, masafi, unasema basi imekwisha. Kumbe hewa imejikalia juu inakutazama. Angetoa hadi mwaka kesho isingetoka."

"Kama mikono ya shati," nikasema. "Ukiushona mkono wa kulia kwenye kwapa la kushoto. Unaingia, lakini haukai."

"Ndiyo. Ila shati haliui."

Kisha akauliza mke wangu aliliendeshaje siku nne bila kugonga. Akajijibu mwenyewe. Gari la umeme, ukiinua tu mguu, mota inageuka jenereta, inalivuta gari lipunguze mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Dereva aliyelizoea anaweza kumaliza siku nzima mjini akigusa breki mara chache sana. Ndiyo maana hata zile kalipa za zamani zilishika kutu, hazikuwa na kazi.

"Asubuhi ile lilikuwa na chaji kiasi gani?"

"Mia."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwenye ovaroli niliyomshonea. "Betri ikijaa, umeme unaorudi hauna pa kwenda. Gari linaacha kujivuta. Ukiinua mguu linateleza tu. Na nyinyi mnakaa juu ya mteremko." Akairudisha miwani. "Siku hiyo alikuwa na breki ya mguu peke yake."

Nitaandika nilichohisi, kwa sababu nimejiambia nitaandika vyote. Nilifurahi. Nilisema moyoni, nimekupata, Nyundo. Fundi mzima hujui kushoto na kulia. Nikaomba tochi ili niione vizuri kazi yake, niweze kumweleza Mama bila kukosea neno.

Nikamulika nyuma ya kalipa, sehemu iliyotazama ndani, pasipofika maji wala mkono. Palikuwa na mstari wa chaki ya bluu. Mmoja tu. Umeanza mnene na kuishia na mkia mwembamba uliopinda.

Nikaenda upande wa pili. Huko palikuwa pamefutwa. Chaki imesambazwa kwa kitambaa, limebaki wingu la bluu, na pembeni mikia miwili ambayo kitambaa hakikuifikia.

"Nani alichora hapa?" Daktari akauliza.

"Sijui," nikasema.

Kwa miaka ishirini na miwili nimeweka alama kwenye kila mkono wa shati kabla ya kuushona. Mstari mmoja ni kushoto, miwili ni kulia. Chaki yangu ni ya nta, ya bluu, haitoki kwa kupulizwa, na mkono wangu huacha mkia mwishoni kwa sababu nachora huku nageukia kitambaa kinachofuata.

Jumapili ile, mke wangu alikuwa amelala chini anapambana na boliti. Alizitoa kalipa za zamani, akanipa moja moja, hii ya kushoto, hii ya kulia, nikazilaza kwenye turubai. Kisha akasema, "Mume wangu, zitazame na zile za kwenye gunia, uniwekee alama ipi ni ipi. Wewe ndiye bingwa wa kulia na kushoto." Nikazimwaga za gunia kando ya zile nyingine. Zilianguka kifudifudi, za zamani zimelala chali. Niliona moja inafanana na ile ya kushoto, ila imegeuka. Na kwenye kazi yangu, kipande cha mkono kilichofanana na cha kushoto lakini kimegeuka ni cha kulia. Ndivyo tunavyokata: unakunja kitambaa, unakata vipande viwili kwa pamoja, na kimoja ukikigeuza kinakuwa mwenzake. Sikufikiri hata kidogo. Nikachora miwili. Kwenye ile nyingine nikachora mmoja. Nikaenda kupeleka majoho.

Chuma si kitambaa. Ndara ya kushoto uigeuze mara mia, itabaki ya kushoto. Mtoto mdogo anajua. Mimi nilikuwa nikiona kitambaa.

Nilimwomba Daktari asiguse kitu, nikaenda kwa miguu hadi nyuma ya soko.

Nyundo alikuwa amekaa juu ya tairi anasugua plagi kwa msasa. Aliponiona alisimama, kisha akakaa tena.

"Umelipeleka kwa fundi," akasema.

"Umejuaje?"

"Umekuja kwa miguu na una grisi kwenye shati. Bwana Sindano hawi na grisi kwenye shati."

"Uliziona lini?"

Hakuuliza nini. "Palepale mtaroni. Gurudumu lilikuwa limekaa juu, nikaona kinati kinatazama chini. Nikasema huyu dada kafanya nini? Nikachungulia nyuma, nikaona chaki yako. Upande mmoja niliwahi kufuta. Wa pili askari akanitoa mbio."

"Nimekutukana mbele ya mama yako."

"Nilisikia. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema, shemeji?"

Aliweka msasa chini. "Niseme nini? Jumapili nilimwambia narudi. Sikurudi. Alifunga peke yake, kwa sanduku langu. Jumanne akanipigia, kaka, pedeli laini, njoo uangalie. Nikamwambia nina kazi, Ijumaa nitapita." Akainua vidole akahesabu kama mtu asiyejua kuhesabu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akakwama hapo. "Ningepita Jumatano, ningeiona kwa dakika moja. Hata tairi nisingetoa, ningechungulia tu. Wewe ulikosea kwa kutojua. Mimi najua, na sikwenda. Sasa ukasimama mbele ya watu ukasema ni mimi. Nikaona, kumbe na wewe unajua kwamba sikwenda."

"Sikuwa najua."

"Najua kuwa hukuwa unajua, wala ya chaki hukuyajua. Nilitaka ibaki hivyo. Wewe unaishi peke yako kwenye ile nyumba."

Mtu alikuja kuulizia feni ya rejeta, akatutazama, akaondoka.

"Njoo tulifunge sawa," nikamwambia. "Wewe na mimi."

Daktari alituachia sehemu moja ya gereji akajifanya ana kazi nyingine. Nyundo alizitoa kalipa zote mbili. Kabla ya kuzirudisha alizishika kila mkono moja, akanionyesha vinati, juu, juu, kama mtu anayeonyesha watoto wachanga. Akazifunga. Daktari akaleta mafuta mapya ya breki na kompyuta, kwa sababu gari hili lina pampu yake ndani na lazima iamrishwe kwa kompyuta ili nayo iteme upepo wake. Nikapita upande wa abiria, nikakaa kwenye kiti kilichosogezwa mbele. Sikukirudisha nyuma.

"Kanyaga," Nyundo akasema kutoka chini.

Nikakanyaga.

"Shikilia." Nikasikia spana inalegeza, pedeli ikazama. "Usiachie bado." Spana ikakaza. "Achia."

Alikuwa amechomeka mpira mwembamba kwenye kinati, mwisho wake umezama kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo na mafuta kidogo. Mara ya kwanza chupa ilichemka kama sufuria. Povu jeupe likapanda hadi shingoni.

"Yesu na Maria," Daktari akasema nyuma yetu. "Na hiyo ni upande mmoja."

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Tulifanya hivyo mara nyingi, sikuhesabu. Povu likawa mapovu, mapovu yakawa moja moja. Kisha mafuta yakaja mazima, ya rangi ya asali nyepesi, bila kitu ndani. Upande wa pili vilevile. Mwishoni Nyundo akasema, "Kanyaga mara moja tu, uniambie."

Pedeli ilishuka urefu wa kidole, ikasimama. Niliisukuma kwa nguvu zote, ikabaki palepale, ngumu kama jiwe.

"Vipi?" akauliza.

Mguu niliuacha palepale. Akatoka chini ya gari, akaniona, akafunga boneti taratibu bila kuibamiza.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa mama mkwe, peke yangu. Nilichukua vipande viwili vya shati nilivyokuwa sijashona, na nikavua ndara zangu nikazileta mkononi hadi mkekani. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu haoni vizuri, niliviweka vitu mikononi mwake: kitambaa hiki, Mama, kigeuze, kimekuwa mwenzake. Ndara hii, igeuze. Aliigeuza mara kadhaa, anapapasa kidole gumba kinapokaa, anaigeuza tena.

"Haibadiliki," akasema.

"Haibadiliki, Mama."

"Na mwanangu wa kiume alilijua hili?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na siku uliposimama kumsema, alikuwa analijua?"

"Ndiyo."

Aliziweka ndara chini, sawasawa, kushoto kushoto na kulia kulia, akazisukuma kunielekea. "Vaa uende," akasema. "Na ukipita kwake, mwambie mama yake anamwita."

Nilipita. Nilimwambia.

Hayo ni ya miezi mitano iliyopita. Nyundo amelitafutia gari mlango mwingine, mweupe, wakati gari ni la kijivu. Jumapili anakula kwa mama yake. Mimi sijaalikwa, na sijauliza. Macho ya Mama bado yanahitaji hospitali, na mguu wake mmoja haukunjiki vizuri, gari lenye nafasi ya kuunyoosha ni letu, kwa hiyo Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi nampeleka mimi. Nalichaji hadi themanini, nasimama kwake saa mbili kasoro. Nyundo anakuwa amefika kabla yangu. Anaingia, anakanyaga breki mara moja, anamwambia mama yake, "Ngumu." Ndipo Mama anapopanda, kiti cha nyuma, na tunaondoka.